Maji ya Ugali Yakichemka

Kilole, Korogwe
4 Machi 1975

Mpendwa Mjomba Mhina,

Shikamoo. Natumaini basi lilikufikisha salama na hukugombana na mtu njiani. Sisi huku wazima. Baba watoto bado anafundisha Makuyuni, tunamwona Jumamosi na Jumapili tu. Watoto wanauliza yule babu anayekoroma kama mashine ya mkonge atarudi lini. Wasalimie wake zako, Bi Mkubwa Chausiku na Bi Mdogo Mashavu, kila mmoja kwa salamu zake, usinichanganyie.

Sasa tuongee habari ya mwili wako. Daktari hakutaka kukuruhusu. Alisema mgonjwa wa kisukari anayeishi mbali na hospitali ni taabu tupu. Mimi ndiye niliyemshika miguu. Nikamwambia mjomba wangu alikuwa karani wa shamba la mkonge miaka ishirini na sita, kufuata maandishi ndiyo kazi iliyomzeesha. Kwa hiyo usiniaibishe, soma na ufuate.

Sindano ni mbili kwa siku. Asubuhi alama kumi na mbili za bomba kabla ya uji, jioni alama nane kabla ya ugali. Unachoma, unangoja nusu saa, unakula. Dawa hii inashusha sukari inayoletwa na chakula. Dawa ikiingia na chakula kisije, itashusha ile kidogo uliyo nayo na utaanguka. Chakula kikija bila dawa, utarudi ulivyoletwa mwezi jana, juu ya kitanda cha kamba, ulimi umekauka. Bomba na sindano vichemshwe kila mara. Chupa iweke ndani ya chungu kidogo, na chungu kikae mtungini, maji yasiingie. Kila chupa ni ya siku ishirini.

Na ile dawa ya buluu ni ya kupimia mkojo. Matone manane ya mkojo, chemsha, tazama rangi. Ikibaki buluu, shukuru. Ikiwa kijani, sukari imezidi kidogo. Ikiwa ya chungwa, umekosea mahali. Ikiwa ya matofali, niandikie siku hiyohiyo. Tafadhali usichemshie kwenye chombo cha kupikia cha mtu.

Jioni sahani moja ya ugali. Moja, Mjomba.

Mpwa wako,
Mwaija


Kwedizinga, Handeni
21 Machi 1975

Kwa mpwa wangu Mwaija, binti wa marehemu dada yangu,

Marahaba. Nakuletea salamu za kutosha nyumba nzima, zikibaki wape majirani. Barua yako ya tarehe 4 niliipokea tarehe 15 kwa mkono wa Lukasi, dereva wa basi, baada ya kukaa chini ya kiti chake juma zima. Nimemkaripia kwa maandishi.

Hapa mvua imenyesha siku mbili ikatubeza. Kicheche amekula kuku watatu. Sukari haipo dukani mwezi wa pili huu, na mimi nimeshauriwa na wake zangu nisitaje ugonjwa wangu hadharani, maana kijiji kizima kinakunywa chai ya chumvi na mzee mmoja anasemekana ana sukari iliyozidi. Mwenyekiti anaweza kuniita mlanguzi.

Unajua tangu tulipohamishiwa hapa kijijini mwaka jana, nyumba zimepangwa kwa kamba. Zamani nyumba ya Bi Mdogo ilikuwa ng'ambo ya korongo. Ukila kwa Bi Mkubwa, korongo lilikuwa linatunza siri. Sasa mlango unatazamana na mlango, hatua kumi na moja, nimezipima mwenyewe. Ni maendeleo na mimi siyapingi. Nasema tu kwamba moshi wa huku unaingia kule.

Kuhusu sindano, nimetekeleza. Lakini nusu saa yako, Mwaija, imenishinda. Saa ya mkononi ninayo, ila hapa hakuna mwanamke anayepika kwa saa. Nikiuliza ugali lini, naambiwa "sasa hivi", na sasa hivi ya Kwedizinga huanza alasiri ikaishia magharibi. Naomba maelekezo mapya.

Kuhusu rangi: Jumatatu chungwa. Jumanne chungwa. Jumatano matofali. Fundi mwashi aliyekuwa akipita alitazama kichupa akasema hayo ni matofali yaliyoiva vizuri. Sikumwambia yametoka wapi.

Kuhusu sahani, naweza kuapa msikitini kwamba hakuna mwanamke wa kijiji hiki aliyenipakulia sahani ya pili.

Naomba pia bomba moja zaidi na sindano yake. Ni la akiba. Vitu vya kioo huvunjika.

Ni mimi mjomba wako,
Rehani Mhina


Kilole, Korogwe
9 Aprili 1975

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Pole kwa kuku. Hapa mvua imefunguka kweli, nyuma ya nyumba yetu pamekuwa bwawa na watoto wanarudi shule wakiwa na rangi moja kuanzia kichwani. Baba watoto hakuja Jumamosi mbili, barabara ya Makuyuni imekatika.

Barua yako nilimsomea daktari mahali pa rangi tu. Hakucheka. Amesema matofali kwa mtu anayechoma dawa kila siku na kula sahani moja ni jambo lisiloeleweka. Aliniuliza, "Una hakika na hiyo sahani?" Nikasema mjomba wangu hasemi uongo. Mjomba, umenisikia nilivyosema. Amenipa miezi miwili. Rangi isipobadilika, utahamia hapa Kilole, utalala chumba cha watoto na kuchomwa hospitali asubuhi na jioni. Hakuna Kwedizinga tena, labda kwa mazishi.

Kuhusu nusu saa nimekaa nikafikiri. Nikawasha moto nikapika ugali huku natazama saa ya mezani. Tangu maji yachemke, kutia unga, kusonga, kuepua, kupakua, kunawa, ni karibu nusu saa kamili. Basi achana na saa. Sheria ni hii: maji ya ugali yakichemka, ndipo unachoma. Maji hayajachemka, hakuna sindano. Hata mtu asiyejua saa anaweza kuifuata.

Bomba la pili nimekuletea, pamoja na chupa mbili mpya, ndani ya chupa ya chai yenye pamba iliyoloweshwa. Lukasi ameapa atalikalia mwenyewe kuliko kulisahau. Nimemwambia asilikalie.

Mpwa wako,
Mwaija


Kwedizinga, Handeni
14 Mei 1975

Kwa mpwa wangu mpendwa,

Marahaba, na furaha juu yake! Vifaa vyote vimefika vizima. Wote hapa hawajambo. Bi Mkubwa goti limepoa, Bi Mdogo anahudhuria kisomo cha watu wazima na sasa anasoma kila karatasi anayoiona, hata zisizomhusu. Yule jirani yangu mfugaji, Sironka, amepata ndama wanne na anawasimamia kama wake wa sultani.

Sasa fungua macho, Mwaija. Buluu. Jumapili buluu, Jumatatu buluu, Jumanne buluu. Juma zima la jana buluu tupu. Mwambie daktari wako kwamba chumba cha watoto kibaki na watoto. Sheria yako ya maji ya ugali ni sheria ya hekima kuliko zote nilizowahi kutekeleza, na mimi nilitekeleza amri za mameneja wanane. Maji yakichemka, nachomwa. Hayajachemka, sichomwi. Sijakosa hata mara moja, mahali popote yalipochemka.

Hapa wamejifunza kunichoma wenyewe, na mikono yao ni myepesi. Nimelala vizuri, nimetembea hadi shamba la kijiji, nimepalilia nusu mstari. Mgonjwa haulizwi uji, lakini mimi nikiulizwa siku hizi nasema nimeshiba.

Jambo dogo sana. Dawa imekaribia kwisha. Nadhani ni joto la huku, linaikausha.

Mjomba wako mwenye afya,
Rehani Mhina


Kilole, Korogwe
30 Mei 1975

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Nilifurahi na barua yako hata nikaisoma wodini kwa sauti, na mgonjwa mmoja akapiga makofi. Mtoto wetu wa pili ameng'oka meno mawili ya mbele, kwa hiyo ukimsikia akikuita "Babu Hina", ni wewe.

Daktari ameridhika na buluu. Mimi sijaridhika na chupa.

Dawa haikauki, Mjomba. Chupa ina kizibo cha mpira, hata moshi haupenyi. Nimekaa nikapiga hesabu. Chupa ya siku ishirini kwako inaisha kwa siku kumi na nne. Maana yake kila siku kuna alama nane zinazokwenda mahali. Si tano wala tisa. Ni nane, Mjomba, na nane ni dozi yako ya jioni.

Nakuuliza kwa heshima zote za mtoto wa dada: huko nyumbani kuna mgonjwa mwingine unayemgawia? Au unamwaga? Au kuna jambo? Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe maradhi umeyataja, lakini kuna kitu kingine umekifunika. Nijibu kwa Lukasi huyuhuyu. Chupa mbili nimezifunga humu.

Mpwa wako,
Mwaija


Kwedizinga, Handeni
6 Julai 1975

Kwa mpwa wangu,

Marahaba. Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa na shughuli. Wote wazima. Kuku hawajaliwa. Pamba ya kijiji imefunguka.

Kujibu swali lako: hakuna mgonjwa mwingine hapa, na sijamwaga hata tone. Hilo nakuhakikishia kwa sahihi yangu.

Wiki mbili zilizopita, siku ile walipokuja wageni kutoka wilayani, nilipata kizunguzungu kidogo. Kilipita. Ukionana na mtu yeyote wa familia ya Sironka, mpe asante, ila usimwulize mengi kwa sababu wafugaji wana maneno.

Nimeamua kuipumzisha sindano kwa muda. Chupa nimezifukia mahali penye baridi, panajulikana na mimi tu. Siyo kwamba naogopa.

Usijisumbue kuja. Barabara ni mbovu sana.

Mjomba wako,
R. Mhina


Kilole, Korogwe
11 Julai 1975

Mjomba,

Shikamoo. Leo sina habari za watoto.

Barabara ni mbovu mwezi wa saba? Vumbi ndilo limekuwa tope?

Barua hii inakuja na Lukasi leo hii. Ukimaliza kuisoma, fukua chupa. Jioni ya leo chomwa nane, mara moja, ule. Kesho asubuhi kumi na mbili, ule. Sindano haipumzishwi. Hukuanguka kwa kuchoma dawa. Uliangushwa na jambo ambalo umelificha kwangu miezi minne, na sasa nalijua lote, kwa sababu juzi Yuditha, mke wa Sironka, alikuja wodini kwangu akiwa na mtoto mwenye homa. Sikumwuliza mengi. Nilimwuliza moja tu na akaeleza yote.

Ameniambia kila jioni unakula kwa Bi Chausiku, na ukimaliza unavuka zile hatua kumi na moja kwenda kula kwa Bi Mashavu. Zamu ikiwa ya huyu, yule naye anapika ili asionekane hakupika. Na wewe, mzee mzima, huwezi kurudisha sahani. Kweli hakuna mwanamke aliyekupakulia ya pili. Kila mmoja alikupakulia ya kwanza! Karani wee! Nilikuwa nimesimama mbele ya daktari nakutetea na wewe umeniandikia kiapo chenye mlango wa nyuma.

Ndiyo maana matofali. Kisha ukaomba bomba la akiba, kwa sababu Bi Mdogo alinuna, kwa nini sindano ya mume ikae kwa mwenzake. Mimi nikalileta. Na juu ya hilo nikakuandikia sheria, maji yakichemka uchomwe. Sikuandika sufuria ya nani. Hapo kosa ni langu, nalikubali. Lakini wewe ulijua. Ukamwambia Bi Mkubwa kwa siri kwamba yeye ndiye aliyekabidhiwa sindano ya jioni, ukamwambia Bi Mdogo hivyohivyo, na kila mmoja akakuchoma nane chumbani, moyo wake umejaa fahari. Sahani mbili, dozi mbili, buluu. Na mimi nikapigiwa makofi wodini!

Halafu wakaja wageni. Yuditha anasema maji yalichemka kwa Bi Mkubwa ukachomwa, yakachemka kwa Bi Mdogo ukavuka ukachomwa. Wakasonga, wakafunika, na hapo filimbi ya mwenyekiti ikalia: wanawake wote wakawaimbie wageni kwenye shamba la pamba. Bi Mkubwa akaenda akijua Bi Mdogo atakupakulia kabla ya kutoka. Bi Mdogo akaenda akijua Bi Mkubwa atakupakulia kabla ya kutoka. Na wewe ukabaki umekaa kwenye kigoda katikati, bada, ugali wa muhogo, moto huku, ugali wa mahindi moto kule, dawa ya watu wawili mwilini, na hukunyoosha mkono! Kwa sababu mwanamume hafunui sufuria jikoni kwa mwanamke. Na kwa sababu ukianza na ya huyu, yule atajua. Njia mbili zilimshinda fisi, Mjomba, na fisi angalau alikuwa anatembea.

Ulilowa jasho. Ukaanza kuita wakata mkonge. "Namba mia na kumi na nne, mstarini!" Mbuzi wa jirani ukamwandikia hakufika kazini, kwa kidole, mchangani. Watu wakasema umepandwa na pepo wa meneja wa kizungu, wakatafuta ngoma. Wangeipiga, Mjomba, na wewe ungekufa huku wanaipiga.

Sironka alikuwa anarudisha ng'ombe. Yuditha anasema alikutazama mara moja, akasema, "Huyu hapana pepo. Huyu njaa." Akatoa asali aliyokuwa nayo kibuyuni, akakulambisha kidogo kidogo, nawe umemshika mkono unamwambia kwanza atie sahihi. Kilichofuata ni kwamba ulimtambua, ukaona aibu.

Wake zako waliporudi, kila mmoja alikuta ugali wake haujaguswa. Bi Mkubwa akauliza, "Hukumlisha, na mimi nimemchoma?" Bi Mdogo akasema, "Umemchoma? Mimi ndiye niliyemchoma." Yuditha anasema baada ya hapo hata kuku walisimama.

Mjomba, nataka nikuambie kitu ambacho sijakuandikia kamwe. Mama alikufa mwaka wa Uhuru. Wewe ulikuwa mkongeni, ulifika kwenye maziko. Mimi ndiye niliyekuwa namtekea maji. Alikuwa anamaliza mtungi kwa siku na bado anaomba. Alikonda, tukasema amerogwa, baba akamtafutia mganga hadi Magamba. Alikuwa na miaka thelathini na tisa. Nilipokuwa kwenye mafunzo ya uuguzi, mwalimu akasoma dalili za kisukari ubaoni, moja baada ya moja, kiu, kukonda, mkojo mwingi, nikatoka darasani nikakaa nyuma ya jiko nikalia mpaka kengele. Ulikuwa ugonjwa wa kawaida, Mjomba. Una jina. Una dawa.

Nimebaki na wewe tu upande wa mama. Sitakuzika kwa sababu ya sahani.

Ninakuja Jumamosi.

Mwaija


Kwedizinga, Handeni
2 Septemba 1975

Kwa mpwa wangu Mwaija, mtu wa haki, ninayemtegemea,

Marahaba. Natumaini watoto hawajambo na meno yanaota. Huku wote wazima. Wazima mno.

Sikukujibu ile barua ya mwezi wa saba kwa kuwa ulifika kabla sijapata maneno, na ulipofika hukunipa nafasi ya kusema. Sasa nasema. Ulikosea kidogo mahali pamoja. Hukuniuliza kwa nini siwezi kurudisha sahani. Ule mwaka wa njaa kubwa, mimi kijana, nilimwona mama yangu akiosha sahani zilizokuwa safi ili majirani wasikie sauti ya vyombo. Tangu hapo mwanamke akiniletea chakula, mkono wangu hauna uwezo wa kusukuma. Si kiburi wala uroho, naona aibu mbele ya chakula. Na jambo la pili, niliogopa utanihamishia Kilole, nife mgeni. Hayo ndiyo niliyoyafunika. Dada yangu nilimlilia mkongeni peke yangu, na sikujua kama wewe ulikuwa umemlilia nyuma ya jiko.

Baada ya hayo, naleta malalamiko.

Siku ile uliwakalisha wake zangu mkekani ukawaeleza mambo ya dawa na chakula, ukawaambia huyu mzee ni wenu nyote wawili au si wa yeyote. Ukaondoka na basi. Hukuona kilichofuata. Wamepatana! Miaka kumi na tisa nilikuwa nikiogopa ugomvi wao, na sasa naona ugomvi ulikuwa ndio uhuru wangu. Jiko limekuwa moja. Anayepika leo, mwenzake anachoma. Anayechoma hapiki. Wamenipokonya mabomba yote mawili, chupa, na saa yangu ya mkononi. Bi Mkubwa anapima alama kwenye mwanga wa mlango, jicho moja amelifumba, na Bi Mdogo anapima ugali wangu kwa bakuli la kunywea dawa ya minyoo.

Nikimwambia huyu kwamba yule ananinyima, zamani ningeongezwa. Sasa wanaitana, wanacheka hadi wanashikana mabega. Nimejaribu kwenda kwa Sironka kusalimia. Bado sijakaa, Yuditha akaniuliza, "Mzee, umetumwa, au umetoroka?" Hata asali wameifungia, na kijiko chake kimefungiwa pamoja nayo, kwa siku ya kuanguka tu.

Kwa hiyo, baada ya kutafakari, naleta ombi rasmi. Chumba cha watoto Kilole bado kipo? Nakoroma kidogo kuliko zamani. Nitachomwa hospitali asubuhi na jioni bila ubishi. Naweza kufika na basi la Alhamisi.

Mjomba wako anayeonewa,
Rehani Mhina


Kilole, Korogwe
15 Septemba 1975

Mpendwa Mjomba wangu,

Shikamoo sana. Watoto hawajambo, jino moja limechungulia. Baba watoto amehamishiwa shule ya hapahapa mjini, kwa hiyo sasa nina mtu wa kunilalamikia kila siku na si mwisho wa juma tu. Anakusalimu. Ameuliza kama unaweza kumfundisha kuandika malalamiko.

Barua yako niliisoma peke yangu, si wodini. Pale pa sahani safi nilisimama kusoma nikatembea kidogo, kisha nikarudi. Bibi hakuwahi kutuambia. Ningelijua hilo mwezi wa tatu nisingekuandikia "sahani moja" kama mtu anayeandika amri ya kufagia uwanja. Nisamehe. Mkono wako hauna haja ya kusukuma sahani yoyote tena, maana sasa inayoletwa ni moja.

Ombi lako nimelipeleka kwa daktari kama ulivyotaka. Pamoja na barua yako nilimpa na zile za Bi Mashavu. Hukujua kwamba ananiandikia. Kila Ijumaa, kwa herufi kubwa za kisomo, rangi za juma zima kwa mstari mmoja, na chini yake Bi Chausiku anatia alama ya kidole. Buluu, buluu, kijani siku ya harusi ya jirani, buluu. Amri ya chakula na dawa hawajaivunja hata siku moja. Daktari alizitazama zote akaniuliza huyo mgonjwa yuko wodi gani na nesi wake ni nani. Nikasema yuko Kwedizinga na ana manesi wawili.

Jibu ni hapana, Mjomba. Usipande basi la Alhamisi. Lukasi nimemwonya, na ameapa hatakupakia hata ukimwonyesha tiketi. Hapa kwangu ungepata mpwa mmoja anayeshinda kazini, na watoto wanaokula vitumbua. Huko una watu wawili walioacha ugomvi wa miaka kumi na tisa kwa ajili yako. Sijui ni mume gani mwingine wa Handeni anayeweza kusema hivyo.

Una miaka hamsini na nane, na unanuna kwa sababu ugali ni mdogo. Mama hakuufikia umri wa kununia ugali. Nuna, Mjomba. Nuna mwaka huu, nuna na mwakani, wanangu waje wakukute umenuna. Karatasi zikikuishia niambie, nitamtuma Lukasi.

Mpwa wako akupendaye,
Mwaija